Karatasi ya Michango Ubaoni: Kisa cha Mwenzetu wa Chumba cha Kufulia

Karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kando kabisa ya ratiba ya zamu, zikiwa zimebaki wiki mbili kufika sikukuu za mwisho wa mwaka. Ilikuwa na safu tatu: jina, kiasi, sahihi. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, iliandikwa "Tumchangie mwenzetu". Chini likafuata jina kamili la dada mmoja wa chumba cha kufulia, na chini ya jina lake, ugonjwa wa mtoto wake. Mfanyakazi wa hospitali hamalizi wiki bila kuangalia ratiba ya zamu. Basi hakubaki mtu ambaye hakuisoma karatasi ile, yeye mwenyewe akiwemo.

Mwaka ule nilikuwa katibu wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi. Jina langu lilikuwa la nne. Nilitoa, nikatia sahihi, nikaenda zamu yangu nikiwa na moyo mweupe. Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila aliyeshiriki alikuwa na nia njema, na bado tulimuumiza mtu tuliyetaka kumsaidia. Mambo madogo ambayo yangemfanya atambulike nimeyaacha au nimeyabadilisha.

Chumba cha kufulia ni mahali ambapo wengi wetu wa wodini hatufiki. Nguo chafu hushuka na kigari, zenye damu zikiwa kwenye mfuko wake peke yake. Safi hupanda zikiwa zimekunjwa na bado zina joto. Katikati yupo mtu anayehesabu. Dada huyu ndiye aliyekuwa akishika daftari la mashuka: wodi ya wazazi 27, ya upasuaji 17, ya watoto 37. Saba zake zote alizipiga kistari kifupi katikati zisije zikasomwa kama moja. Akikuambia wodi yako imerudisha mashuka pungufu, hubishani naye, unarudi ukayatafute.

Alikuwa pale kwa miaka sita, lakini hakuwa mwajiriwa wa hospitali. Alikuwa chini ya mzabuni aliyepewa kazi ya usafi na ufuaji. Mume wake alikuwa amepoteza kazi miezi kadhaa nyuma, na mtoto wao alikuwa amelazwa humo humo hospitalini. Akimaliza zamu alipanda wodi ya watoto, akalala kwenye kiti kando ya kitanda, alfajiri akashuka tena kwenye mashine. Hakuomba kitu kwa mtu. Alijikaza.

Michango ilikusanywa kwa siku nane. Kiongozi wa wodi, sista mwenye huruma ya kweli ambaye nimemwona akilia na ndugu wa wagonjwa, ndiye aliyeianzisha na ndiye aliyepita nayo mkononi wakati wa makabidhiano ya zamu. Fedha zikatumwa kwenye akaunti ya benki ya dada, na picha ya karatasi ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili kila mtu aone kwamba hakuna kilichopotea. Dada aliandika "Asanteni sana, Mungu awabariki". Tukaona tumemaliza.

Siku nne baada ya sikukuu, mbeba wagonjwa mmoja alisema kwenye chumba cha chai kwamba yule dada amemkopa nauli. Maneno yakaanza pale pale. Zile fedha zote zimekwenda wapi? Kala? Katumiwa na mume? Mtu mmoja akasema, akiwa na kikombe mkononi, kwamba mwakani yeye hachangii mtu. Dada akaacha kuja kunywa chai. Kisha akaomba zamu za usiku mfululizo, zamu ambazo watu huzikimbia, na kwa karibu miezi miwili wengi wetu hatukumwona kabisa. Mashuka yaliendelea kupanda yakiwa yamekunjwa vizuri.

Ukweli nilikuja kuupata kwake mwenyewe, baadaye sana, na sikuupata kwa urahisi. Kadi yake ya benki haikuwa kwake. Mtoto alipoanza kuumwa alikopa kwa mkopeshaji wa mtaani, na mkopeshaji akachukua kadi na namba yake ya siri kama dhamana. Mshahara ukiingia, anatoa yeye kwanza, kinachobaki ndicho anachompa mwenye mshahara. Tulipotuma michango kwenye akaunti ile, tulimtumia mkopeshaji. Alizitoa siku hiyo hiyo. Dada alituandikia asante kwa fedha ambazo hakuzishika.

Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la kwanza hatukuwahi kuliuliza. Tulijua ana shida. Hatukujua shida yake ni ipi. Kila mmoja wetu kazini anajua kwamba mgonjwa akija na maumivu ya tumbo humpi dawa kabla ya kumuuliza na kumpima. Kwa mwenzetu tuliruka hatua hiyo, kwa sababu kumuuliza kulionekana ni kumwaibisha. Tukaona afadhali tumshtukize na mchango. Matokeo yake aibu tuliyotaka kumwepusha aliipata maradufu, mara moja ubaoni na mara ya pili kwenye chumba cha chai.

Habari ilitoka wapi

Jambo zito kuliko yote kwangu ni ule mstari wa kalamu nyekundu, ugonjwa wa mtoto. Dada hakumwambia mtu. Basi nani alijua?

Alijua muuguzi wa wodi ya watoto kwa sababu alimhudumia mtoto. Huyo alikuwa na haki ya kujua. Akamwambia mwenzake kwa nia ya kumhurumia mama: "Unajua mtoto wa yule dada wa kufulia ana nini?" Mwenzake akamwambia kiongozi wa wodi nyingine. Kufikia ubaoni, habari ilikuwa imepita midomo mitatu, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba amevunja siri ya mgonjwa. Tulishamzoea mama yule kama mwenzetu, tukasahau kwamba mtoto wake ni mgonjwa wetu kama mtoto mwingine yeyote, na faili lake linalindwa kama la mwingine yeyote. Kiapo cha Hippocrates, chenye zaidi ya miaka 2,000, kinamtaka tabibu anyamaze kuhusu anayoyaona na kuyasikia katika tiba. Hakina kifungu kinachosema isipokuwa mnapomchangia.

Nimelifikiria hili kwa upande wa mfanyakazi. Ukifanya kazi hospitalini, ukaugua au akaugua mwanao, mara nyingi utatibiwa mahali hapo hapo. Watakaoshika faili lako ni watu unaokula nao. Usipoamini kwamba watanyamaza utachelewa kuja kutibiwa, au utakwenda mbali na nyumbani. Michango ya sikukuu haina thamani ya kutosha kulipia hilo. Kama habari ya shida ya mwenzetu imetoka kwenye faili, kwenye mazungumzo ya raundi au kwenye karatasi ya maabara, iishie hapo. Aliyeijua anaweza kumfuata mwenyewe, faragha, akamwambia: "Dada, kuna mahali pa kuomba msaada, ukipenda nitakuelekeza." Akikataa, basi.

Safu tatu za karatasi

Jina, kiasi, sahihi. Tuliziweka kwa ajili ya uaminifu, na kwa fedha za watu uaminifu ni lazima. Lakini angalia karatasi ile inavyofanya kazi ikiwa mikononi mwa kiongozi wa wodi wakati wa makabidhiano. Daktari bingwa ameandika kiasi chake juu. Chini yake anafuata muuguzi aliyeanza kazi miezi mitatu iliyopita, na anayemsubiri aandike ndiye anayempangia zamu. Baadaye nilizungumza na wawili kati ya vijana wale. Mmoja alikopa ili achangie. Alikopa ili amsaidie aliyekopa.

Kuna mahali ambapo michango ya namna hii hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na hoja huwa kwamba ni rahisi na hakuna anayesumbuliwa. Hapo pana sheria za kuangalia. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unahusu kulinda mshahara. Unataka makato yafanyike tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi na mwajiri, au uamuzi wa usuluhishi, na mwajiri haruhusiwi kumwekea mfanyakazi mipaka ya jinsi anavyotumia mshahara wake. Kiongozi aliyesimama na karatasi mkononi hakati mshahara wa mtu, lakini aliye chini yake huona tofauti ni ndogo.

Tatizo hili la siri na uaminifu ni la kale, na watu wa kale walilitafutia dawa. Katika Hekalu la Yerusalemu, mapokeo ya Kiyahudi yanaeleza, palikuwa na chumba ambacho watoaji waliweka sadaka kwa siri, na watu wa heshima walioishiwa walichukua humo kwa siri. Katika karne ya 12 Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi ambaye pia alikuwa tabibu, alizipanga njia za kutoa katika ngazi 8. Ya pili kutoka juu ni pale mtoaji asipomjua mpokeaji, wala mpokeaji asimjue mtoaji. Ya juu kabisa ni kumshika mkono mtu kabla hajaanguka, kwa mkopo, ushirika au kazi, ili asihitaji kuomba. Wasomaji wa Injili na wa Hadithi za Mtume wanalijua fundisho la mkono wa kushoto kutojua kinachotolewa na wa kulia. Sisi tuliibandika ukutani, kisha tukaipiga picha.

Inawezekana kutenganisha mambo haya mawili. Hesabu za mfuko zinaweza kuwa wazi kabisa, zilizoingia kiasi gani, zilizotoka kiasi gani, zilizobaki kiasi gani, huku majina yakiwa kwa mtu mmoja tu na mkaguzi wake. Tulidhani uwazi wa fedha unadai uwazi wa watu.

Fedha, muda na dhamana

Nilipomuuliza dada ni nini kingemsaidia wiki ile, sikutarajia jibu alilonipa. Alitaka zamu mbili za mchana zichukuliwe na mtu mwingine, awepo daktari wa mtoto anapopita raundi. Kwa wiki nzima daktari alipita saa tatu asubuhi, wakati yeye yuko chini kwenye mashine, na maelezo aliyasikia kwa mama wa kitanda cha jirani. Fedha zilikuwa jambo la pili. La tatu ilikuwa kadi.

Zamu ni mali, hasa sikukuu, na hospitali haifungwi sikukuu. Wodi zinabaki na wagonjwa, chumba cha dharura kinajaa, na wanaobaki kazini ni wachache. Wanaobaki mara nyingi ni wale wale: wageni kazini, wasio na sauti kwenye kupanga ratiba, na wanaotafuta malipo ya ziada. Kumpa mwenzako siku yako ni kumpa kitu ambacho benki haiwezi kukichukua. Nchini Ufaransa jambo hili lina sheria tangu Mei 2014. Mfanyakazi anaweza kumwachia mwenzake siku zake za mapumziko, kama mwenzake ana mtoto mgonjwa sana, na sheria inasema aziache bila kutajwa jina na bila malipo, mwajiri akikubali. Ilitokana na kisa cha wafanyakazi wa kiwanda waliomchangia baba mmoja siku 170 ili akae na mwanawe aliyekuwa akiugua saratani. Mwaka 2015 utaratibu huo ukafikishwa kwa watumishi wa umma, wakiwemo wa hospitali. Kinachonigusa katika sheria ile ni kwamba haikuruhusu mtu kutoa likizo yake yote: za mwaka zinazoweza kuachwa ni zile tu zinazozidi siku 24 za kazi. Mtoaji naye analindwa asijichoshe. Kwenye zamu za hospitali hilo ni la lazima, kwa sababu anayetoka usiku akaingia mchana ili kumfaa mwenzake anaweza kukosea dozi.

Kuhusu kadi, hapo mchango wa sikukuu ungekuwa maji kwenye pakacha hata kama tungekusanya mara tatu. Friedrich Raiffeisen, meya wa vijiji katika Ujerumani ya karne ya 19, alianza kwa chama cha kuwapatia watu mkate katika njaa ya majira ya baridi ya 1846 na 1847. Miaka ikapita, akaona kwamba chama kinachotegemea huruma ya wenye nacho hakidumu, na wakulima bado wako mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1864 chama chake cha hisani kule Heddesdorf kikageuzwa kuwa chama cha mikopo, wanachama wakidhaminiana wenyewe. Nasi tulifanya kitu kidogo cha namna hiyo. Dada alikwenda benki, akafunga kadi ile, akapewa mpya. Deni lililobaki lilihesabiwa kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, likalipwa kwa mkopo usio na riba kutoka mfuko wa ustawi. Aliurudisha kidogo kidogo, na hakukosa hata mara moja.

Lakini mkopo huo ulitaka kwanza tubadilishe katiba ya mfuko. Katiba ilisema "mwajiriwa wa hospitali". Dada, kwa miaka sita ya kutuhesabia mashuka, hakuwa mwanachama wala hakuweza kuwa. Wapishi, walinzi na wasafishaji, wote walio chini ya wazabuni, walikuwa nje ya mlango huo huo, na wengi wao ndio wenye mishahara midogo kuliko wote jengoni. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba wanawake ni asilimia 67 ya wafanyakazi wa afya na huduma duniani, na kwamba wanapata kiasi cha asilimia 24 pungufu kuliko wanaume wa sekta hiyo hiyo. Ukishuka ngazi kutoka ofisi za juu hadi chumba cha kufulia, takwimu hizo unazikuta zimevaa aproni. Mabishano ya kikao kile yalikuwa marefu. Wapo waliosema kila mzabuni awaangalie watu wake. Nilisema, na bado nasema, kwamba anayefua damu ya wagonjwa wetu ni mwenzetu, na hilo halihitaji mkataba wa ajira kulithibitisha. Tulishinda kwa kura chache.

Mwaka uliofuata

Karatasi haikurudi ubaoni. Maombi yalipelekwa kwa mtu mmoja, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, mama ambaye kazi yake ya kila siku ni kusikia mambo mazito na kunyamaza. Hakuwa bosi wa mtu yeyote kati ya waombaji, na hilo tulilitaka kwa makusudi. Fomu yake haikuwa na nafasi ya kueleza habari za maisha. Iliuliza unahitaji nini, fedha, zamu, mkopo, au mtu wa kufuatana nawe mahali fulani, na lini. Kila ombi lilipewa namba. Kamati iliona namba tu.

Hatukufanikiwa kwa yote. Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko tulivyotarajia, kwani watu walikuwa bado wanaikumbuka karatasi. Ombi moja lilitoka kwa mtu ambaye ofisa aliona hana shida kubwa, tukajadiliana sana kama fomu isiyouliza habari inaweza kuzuia hilo. Tuliweka kikomo cha kiasi kwa ombi moja, tukakubali kwamba mara moja moja tutampa asiyestahili, kuliko kumvua nguo kila anayestahili. Pia tulibakiza sehemu ya fedha isitumike kabla ya sikukuu. Mshahara ukitangulizwa kwa ajili ya sikukuu, siku za kuusubiri unaofuata huongezeka, na wiki ya tano ndiyo mtu anapokopa nauli.

Nilikwenda kumwomba radhi dada kabla ya hayo yote. Nilimkuta akikunja mashuka na mwenzake, kila mmoja ameshika ncha mbili, wanakaribiana na kuachana. Nilimwambia kwamba jina langu lilikuwa la nne. Alisema analijua, aliyasoma yote. Akaniambia kwamba kilichomuuma hakikuwa umaskini wake kujulikana. Mwanawe, ambaye alikuwa ameanza kusoma, aliruhusiwa kutoka wodini, wakashuka wote wawili kupitia korido ile, na mtoto akasoma jina la mama yake kwa sauti. Kisha akasoma mstari wa chini yake, akauliza kama ndilo jina la ugonjwa wake. Mpaka siku ile mama alikuwa hajamwambia.

Sikuwa na la kusema. Nilishika ncha mbili za shuka lililofuata, tukalikunja.

Kwa upande wa zamu tuliweka kisanduku. Mwenye zamu ya kutoa anaandika tarehe, saa na kitengo, bila jina, anaikunja. Ofisa anamtafuta anayeihitaji, kisha ananiletea karatasi nihakikishe kwamba kuibadilisha hakumnyimi mtu mapumziko yake. Msimamizi wa kitengo ndiye anayemjulisha mtoaji. Wiki ya sikukuu niliikunjua moja. Usiku wa sikukuu yenyewe, chumba cha kufulia, kuanzia saa moja, tarehe 27 ya kurudishiwa ilikuwa imeandikwa kisha ikakatwa, na badala yake pakaandikwa: isirudishwe. Ile saba ilikuwa na kistari kifupi katikati. Nilihakiki saa za mapumziko, nikaikunja karatasi kama ilivyokuwa, nikairudisha kwa ofisa.